Kivimbe Chini ya Chuchu: Mpangilio wa Balehe ya Msichana na Dalili Zinazohitaji Uchunguzi

Hutokea mara nyingi katika zahanati na vituo vya afya kwamba mama afike na binti yake wa miaka tisa au kumi, uso umemsawajika kwa hofu. Akiulizwa shida, hueleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto ana uvimbe kwenye titi, upande mmoja tu, na ukiguswa unauma. Pengine katika ukoo wao yupo shangazi au bibi aliyefariki kwa saratani ya matiti. Mtoto mwenyewe amekaa kimya, macho chini, hajui amekosa nini.

Yale yatakayofanywa na mhudumu katika dakika zinazofuata yana uzito mkubwa kuliko anavyoweza kudhani. Akimkagua kwa utulivu, ataona kinundu kidogo kilicho chini kabisa ya chuchu, laini kiasi, kinachosogea kikisukumwa, na ngozi yake haina wekundu wala kidonda. Hicho si ugonjwa. Hilo ndilo titi lenyewe linaanza kuchipua. Lakini mhudumu akiingiwa na hofu ile ile ya mama, akampa rufaa binti akakatwe uvimbe huo kwa ajili ya kupimwa, huenda akaondolewa chipukizi zima ambalo titi lingetokana nalo. Kovu litapona, lakini upande huo hautaota titi, au utaota lenye kasoro ya kudumu. Saratani ya matiti kwa mtoto wa umri huo ni nadra mno, ilhali chipukizi la titi hupatikana kwa kila msichana anayebalehe.

Ndiyo sababu elimu ya balehe haiwahusu wasichana peke yao. Inamhusu mama, baba, mwalimu na mhudumu wa afya, kwa kuwa asiyejua yaliyo ya kawaida hawezi kuyatambua yasiyo ya kawaida. Huweza kukitibu kisicho ugonjwa, na huweza kuupuuza ugonjwa akidhani ni ukubwa tu.

Saa iliyomo ndani ya ubongo

Balehe haianzi kifuani wala tumboni. Huanza katika sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Katika miezi ya mwanzo ya uhai wa mtoto sehemu hii huwa na shughuli, kisha hutulia kwa miaka kadhaa. Inapofika wakati wake, huamka tena na kuanza kutoa homoni kwa vipindi vipindi, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, baadaye usiku na mchana. Homoni hiyo huichochea tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo hutuma homoni mbili kupitia damu hadi kwenye ovari. Ovari, zilizokuwa zimelala, huanza kutengeneza estrojeni. Estrojeni ndiyo inayochipuza matiti, inayopanua nyonga, inayokuza mji wa mimba na kuutayarisha kwa hedhi.

Pembeni ya mkondo huo upo mwingine. Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, huanza kutoa homoni zinazoleta nywele za kinenani na kwapani, harufu ya jasho la kiutu uzima, mafuta ya ngozi na chunusi. Mikondo hii miwili huenda sambamba kwa wasichana wengi, lakini haitegemeani kikamilifu. Kwa hiyo msichana mmoja huota matiti kabla ya nywele, na mwingine huanza na nywele. Yote mawili ni ya kawaida.

Saa hiyo ya ubongo husikiliza hali ya mwili mzima. Urithi una nafasi kubwa: binti mara nyingi hufuata umri aliobalehe mama yake. Lishe nayo ina sauti. Mwili usio na akiba ya kutosha ya nishati huiahirisha balehe, na maradhi ya muda mrefu, kama vile selimundu, figo au maambukizi ya VVU yasiyodhibitiwa, huweza kuichelewesha.

Mabadiliko yanavyofuatana

Kwa wasichana walio wengi dalili ya kwanza huonekana kati ya miaka 8 na 13. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza, W. A. Marshall na J. M. Tanner, walichapisha utafiti uliofuatilia ukuaji wa wasichana na kueleza hatua tano ambazo hadi leo hutumiwa na wahudumu wa afya. Katika hatua ya kwanza kifua ni cha mtoto. Katika ya pili hutokea kile kivimbe chini ya chuchu. Katika ya tatu titi hukua kwa ujumla. Katika ya nne, duara jeusi linaloizunguka chuchu huinuka kama kilima kidogo juu ya titi. Katika ya tano titi hupata umbo la mtu mzima.

Kivimbe kuanza upande mmoja ni jambo la kawaida kabisa. Upande wa pili huweza kufuata baada ya miezi kadhaa, hata kufikia sita. Maumivu madogo yanapoguswa au nguo inapobana pia ni ya kawaida. Tofauti ndogo ya ukubwa kati ya matiti mawili huweza kubaki hata utu uzimani. Hakuna haja ya kulikanda, kuliminya wala kulichua kwa kitu cha moto. Matendo hayo huumiza na kuunguza, na hayazuii chochote.

Kimo nacho hubadilika. Kabla ya balehe msichana hurefuka kwa takriban sentimita 5 kwa mwaka. Katika kilele cha balehe huweza kufikia sentimita 8 au zaidi. Miguu na mikono hutangulia, ndipo viatu vinapokuwa vidogo kabla hata gauni halijawa fupi. Kilele hiki hutokea kabla ya hedhi ya kwanza. Baada ya hedhi kuanza, wengi huongezeka sentimita chache tu, mara nyingi kati ya 5 na 7, kisha mifupa hufunga. Nyonga hupanuka, na mafuta huongezeka mapajani na kiunoni. Kunenepa huku kwa kiasi si uvivu wala ulafi, na binti hapaswi kuchekwa wala kunyimwa chakula kwa sababu yake.

Miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya hedhi ya kwanza, wasichana wengi huona ute mweupe au mwangavu kwenye chupi. Ute usionuka, usiowasha na usio na damu ni ishara kwamba estrojeni inafanya kazi. Mama anayeuona asiharakishe kumtuhumu binti yake, wala mhudumu asiharakishe kumwandikia dawa za fangasi au za magonjwa ya zinaa. Ute unaowasha, unaonuka vibaya, wenye rangi ya kijani au uliochanganyika na damu ndio unaohitaji uchunguzi, na pia mazungumzo ya faragha na binti, kwani wakati mwingine huwa ni alama ya kwanza ya ukatili aliofanyiwa na hajapata wa kumwambia.

Kuvunja ungo

Hedhi ya kwanza hufika kwa kawaida miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya kile kivimbe cha kwanza. Damu hiyo si uchafu unaotoka mwilini. Ni utando wa ndani wa mji wa mimba, uliojijenga ukingoja yai lililorutubishwa. Lisipopatikana, homoni hushuka, utando hubanduka na kutoka.

Katika miaka ya mwanzo mzunguko huwa haujatulia. Kuhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata, siku 21 hadi 45 huhesabiwa kuwa za kawaida kwa msichana mchanga. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Kwa hiyo binti aliyepata hedhi Januari na kuikosa mwanzoni mwa Februari si lazima awe mjamzito wala mgonjwa. Daftari dogo la kuandikia tarehe humsaidia yeye, na humsaidia mhudumu zaidi kuliko kumbukumbu ya kichwani. Zikipita siku 90 bila hedhi, afike kituoni.

Hata hivyo, neno moja lisifichwe. Yai huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Msichana ambaye hajaona damu hata mara moja anaweza kushika mimba.

Maumivu ya tumbo la chini siku ya kwanza na ya pili husababishwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoubana mji wa mimba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, mwendo wa mwili, na dawa kama ibuprofeni inayomezwa baada ya chakula mara maumivu yanapoanza, huwasaidia wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa mhudumu. Maumivu yanayomfanya binti akose shule kila mwezi licha ya dawa si ya kuvumiliwa kwa kuambiwa kwamba hata mama yake alipitia hayo hayo. Ni ya kuchunguzwa.

Kuhusu usafi, taulo ya kike ibadilishwe kila saa nne hadi sita, au mapema zaidi ikijaa. Vitambaa vya kufua vinafaa, ilimradi vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa. Kuvificha chini ya godoro vikiwa vibichi kwa sababu ya aibu huleta maambukizi ya ngozi. Sehemu za nje zioshwe kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Ndani ya uke hapahitaji sabuni, ndimu wala dawa.

Tumbo linalouma kila mwezi bila damu

Mfano wa pili ni wa msichana wa miaka kumi na minne. Matiti yake yamekamilika, nywele zimeota, lakini hajaona hedhi. Kila baada ya wiki nne hivi tumbo la chini humuuma kwa siku chache kisha hupoa. Ametibiwa homa ya matumbo, ametibiwa maambukizi ya mkojo, ametibiwa minyoo. Sasa tumbo limeanza kuinuka, mkojo unatoka kwa shida, na majirani wamekwisha kutoa hukumu kwamba ana mimba. Huenda hata shule imekwisha kumrudisha nyumbani.

Msichana kama huyu huenda ana kizinda kisicho na tundu. Hedhi imekuwa ikija kila mwezi, lakini haina njia ya kutokea. Damu hujikusanya ukeni, kisha kwenye mji wa mimba, hadi ikakandamiza kibofu. Hali hii ni ya kuzaliwa nayo, haitokani na tabia wala laana. Kuitambua hakuhitaji mitambo mikubwa: kwa ridhaa yake, mama au ndugu anayemwamini akiwapo, mhudumu hutazama tu kwa nje bila kuingiza kitu chochote, na mara nyingi huuona utando uliotuna wenye rangi ya samawati. Kipimo cha mimba na picha ya ultrasaundi hukamilisha uchunguzi. Kuna pia kasoro nyingine zilizo ndani zaidi zinazofanana nayo, ndiyo sababu picha ni muhimu.

Tiba ni upasuaji mdogo hospitalini, chini ya usingizi. Utando usitobolewe kwa sindano kituoni, kwa kuwa tundu dogo huingiza vijidudu kwenye damu iliyokaa bila kuitoa yote. Wazazi wenye wasiwasi juu ya ubikira waelezwe waziwazi kwamba upasuaji huo hufungua njia ya hedhi na hauhusiani na heshima ya binti. Ikibidi, waandikiwe barua ya daktari.

Damu iliyopita kiasi

Upande wa pili wa mizani yupo binti anayetoka damu nyingi mno. Yeye mara nyingi hajui kwamba ni nyingi, kwa sababu hajawahi kuona ya mwingine. Maswali mepesi hufichua ukweli. Je, taulo hujaa kwa saa moja au mbili? Je, huamka usiku kubadilisha? Je, damu huzidi siku saba? Je, hutoka mabonge makubwa? Je, huhisi kizunguzungu akisimama, au moyo kwenda mbio akipanda mlima?

Kwa wengi sababu ni kutopevuka kwa yai: estrojeni hujenga utando mnene bila homoni ya pili, projesteroni, ya kuutuliza. Lakini damu inapokuwa nyingi tangu hedhi ya kwanza kabisa, mhudumu aulize pia kuhusu kutokwa damu puani, kwenye fizi au baada ya kung'olewa jino, kwa binti na kwa ndugu zake. Huenda kuna tatizo la kuganda kwa damu la kurithi, kama ugonjwa wa von Willebrand, ambalo hedhi ndiyo imelifichua. Mimba na kuharibika kwake visisahauliwe. Zipo dawa za kupunguza damu na za kuirudisha, kwa hiyo hakuna sababu ya binti kuongezewa damu kila baada ya miezi michache bila chanzo kutafutwa. Mwenye kuzirai, au anayejaza taulo kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hata bila damu kupita kiasi, msichana anayekua na kupata hedhi huhitaji madini ya chuma kwa wingi. Kiwango cha himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Dagaa, maini, maharage, choroko na mboga za majani humsaidia, hasa zikiliwa pamoja na ndimu, chungwa au ubuyu. Chai inywewe mbali na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Pale ambapo upungufu wa damu umeenea, Shirika la Afya Duniani hupendekeza wasichana wenye hedhi wapewe vidonge vya chuma kwa utaratibu maalumu, na mhudumu wa karibu ndiye wa kuulizwa.

Mapema mno na kuchelewa mno

Umri ni kipimo kinachopaswa kukaa kichwani mwa kila mzazi na mhudumu. Matiti yakianza kabla ya miaka 8, mtoto achunguzwe. Kwa wasichana wengi wa aina hii haipatikani sababu ya hatari, lakini uvimbe wa ubongo au wa ovari, au dawa yenye homoni aliyopakwa au kumeza, lazima vitazamwe. Isitoshe, mifupa inayokomaa mapema hufunga mapema, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wenzake darasa la pili huishia kuwa mfupi kuliko wote. Ipo tiba ya kuituliza saa ile ya ubongo kwa muda, nayo hufaa ikianza mapema.

Achunguzwe pia msichana aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, aliyefika miaka 15 bila hedhi, au ambaye imepita miaka mitatu tangu matiti yaanze na hedhi haijaja. Mhudumu ampime uzito na kimo, aulize kuhusu lishe na maradhi ya muda mrefu, na akumbuke hali za kuzaliwa nazo kama vile sindromu ya Turner, ambayo humfanya msichana awe mfupi na ovari zake zishindwe kufanya kazi.

Mwili umetangulia

Katika jamii nyingi za pwani na bara ya Afrika Mashariki, binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi au somo wake, kisha akatolewa kwa ngoma na vifijo. Utaratibu huo ulikuwa na jambo moja la thamani ambalo leo limepungua: binti alikuwa na mtu mzima aliyepewa jukumu la kumwambia. Leo wengi huachiwa wenzao na simu. Hata hivyo, kosa moja la zamani lingali hai, nalo ni kuichukulia hedhi kuwa cheti cha kuolewa.

Mwili wenyewe unakanusha. Baada ya hedhi ya kwanza nyonga huendelea kupanuka kwa miaka, na mtoto anayezaliwa kupitia nyonga isiyokomaa huweza kukwama. Uchungu wa muda mrefu huua, na anayenusurika huweza kubaki na fistula, akivujwa mkojo bila kizuizi. Matatizo ya ujauzito na kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wasichana wa miaka 15 hadi 19 duniani. Ubongo nao, hasa sehemu ya mbele inayopima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba.

Umri huu pia ndio wa chanjo dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haizuii uzazi wala haiharakishi balehe.

Mazungumzo yanayotakiwa

Mzazi asingoje damu ndipo aanze kusema. Kivimbe cha kwanza ni kengele tosha: imebaki takriban miaka miwili. Maneno machache yanayorudiwa hufaa kuliko hotuba moja ndefu. Binti aelezwe kitakachotokea, aonyeshwe taulo na namna ya kuitumia, aambiwe nani wa kumwendea akiwa shuleni. Baba naye ana nafasi. Akinunua taulo bila kununa, amemfundisha binti yake kwamba mwili wake si aibu.

Mhudumu wa afya, kwa upande wake, aonane na binti pamoja na mzazi, kisha ampe dakika chache za faragha. Amwombe ridhaa kabla ya kumgusa. Ataje umri, hatua ya matiti, kimo, tarehe ya hedhi ya mwisho na himoglobini katika kadi, kwani atakayemwona mwaka ujao atahitaji kulinganisha. Na kile kivimbe chini ya chuchu akiache kilivyo, isipokuwa mtoto hajafika miaka 8, au kuna wekundu na usaha, au chuchu inatoa damu, au uvimbe ni mgumu na uko mbali na chuchu. Hapo aanze kwa ultrasaundi, wala si kwa kisu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini msichana anayebalehe hafichi kwa kupenda. Huficha kwa sababu hajapewa maneno ya kusemea. Yule mtoto wa miaka tisa aliyekaa kimya akitazama chini anahitaji kusikia sentensi moja kabla ya nyingine zote: kwamba hajakosa, hana ugonjwa, na kwamba mwili wake umeanza safari ambayo mama yake aliyeketi pembeni aliipita pia. Akiondoka na sentensi hiyo, siku tumbo litakapomuuma bila damu, au damu itakapotoka bila kikomo, atajua pa kurudi.